Tumbo la Heshima na Mishipa ya Damu

Katika mji wetu wa Kolwezi iko salamu moja ambayo wageni huistaajabia. Mtu akirudi kutoka safari, au akionekana baada ya miezi mingi, wenziwe humtazama toka kichwani hata miguuni, kisha humwambia kwa furaha, "Umenenepa!" Naye huchekelea, kwa maana neno hilo kwetu ni sifa. Maana yake kazi yake ni njema, mke wake ajua kupika, na wabaya wake wameshindwa. Lakini akiwa amekonda, hakuna athubutuye kusema kwa sauti. Watu hunong'ona tu kwamba labda ana ugonjwa usiotajwa, au nyumbani mwake hamna amani.

Sisi nasi tumelelewa katika desturi hiyo, wala hatuandiki ili kuicheka. Kila desturi ina mzizi wake. Lakini katika miaka hii twaona katika parokia zetu, kuanzia Kolwezi hata Likasi na Lubumbashi, wazazi ambao bado wana nguvu za kazi wakianguka ghafula, mdomo ukipinda upande, mkono ukifa ganzi. Wengine hufa kwa moyo kabla ya kufikishwa hospitali. Kisha huanza maneno ya uchawi, na jamaa hugawanyika. Kwa hiyo twataka kueleza, kwa kadiri tulivyojifunza kwa waganga wa hospitali na katika maandiko yao, namna mafuta yanayojazana tumboni yanavyoweza kuwasha moto mdogo ndani ya mwili, na namna moto huo unavyochakaza mishipa ya damu.

Heshima ya unene ilikotoka

Mji wetu ulikua tangu miaka ya 1930 ya mwisho kando ya machimbo ya shaba ya Union Minière du Haut-Katanga. Tangu mwaka 1928 hivi, kampuni hiyo ilikuwa imeanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, badala ya kuwaleta wanaume peke yao kwa miezi michache. Basi chakula kikawa sehemu ya mshahara. Unga, nyama au samaki, mafuta na chumvi vilipimwa kwa mizani na kugawiwa kila jamaa. Wazee wetu, ambao wengi walitoka vijiji ambako njaa ya kabla ya mavuno ilijulikana sana, waliiona posho hiyo kuwa ushahidi kwamba wametoka katika dhiki. Mwili mnene ulisema bila maneno kwamba mtu huyu ana kazi.

Mwaka 1967 machimbo yakawa mali ya serikali, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Posho iliendelea kuwa fahari ya kambi. Lakini mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, na katika miaka iliyofuata kazi ilizorota, mishahara ikachelewa miezi mingi, na mnamo 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa kupewa fedha za kuagwa. Nyumba nyingi zilikula mara moja kwa siku. Anayeikumbuka miaka ile hawezi kuidharau sahani iliyojaa, wala hatumwombi aidharau.

Tangu hapo hali imegeuka tena. Kobalti na shaba zimeleta makampuni mapya na wachimbaji wadogo kwa maelfu, na tangu 2015 Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Fedha zimewafikia baadhi ya watu, wala si wote. Na wale waliozipata, wengi wao ni watoto wa miaka ya njaa. Ni jambo la kibinadamu kwamba mtu aliyelala njaa utotoni akiwa na fedha atawajazia wanawe na nafsi yake nyama, bia, soda na mikate ya kukaangwa. Hivyo tumbo likawa kama cheti, nacho huonyeshwa hadharani.

Jambo lililotupata nyumbani

Baba yetu mdogo alikuwa fundi wa mitambo. Katika miaka ya mishahara iliyochelewa alikuwa amekonda kama ufito, akitembea kwa miguu kila siku kwenda shambani kulima mahindi ili watoto wale. Baadaye alifungua duka la vipuri vya magari, na biashara ikafanikiwa. Akanunua gari, akaacha kutembea. Mwili wake ukanenepa kwa namna ambayo mganga angeitambua mara moja, maana miguu na mikono ilibaki myembamba, bali tumbo likatangulia mbele. Jamaa walimwita "Bwana Mkubwa", naye alilipenda jina hilo.

Jioni moja, akiwa mezani, kijiko kilimwanguka mkononi. Akataka kusema neno, lisitoke. Hospitali walisema ni kiharusi, tena shinikizo la damu lilikuwa juu sana, wala hakuwa amepimwa hata siku moja maishani mwake. Alipona nusu. Leo hutembea kwa fimbo, na maneno yake ni machache, hutoka moja moja.

Kabla hajatoka hospitali, ndugu kadhaa walikuwa wamekwisha kufanya kikao. Katika nyumba ile alikaa dada yake mkubwa, mjane, shangazi yetu. Walisema ndiye aliyemfunga mdogo wake kwa wivu, wakataka aondoke kabla ya jua kuchwa. Shangazi alikaa kwenye mkeka asijibu neno, kifurushi chake cha nguo kikiwa kimekwisha kufungwa.

Aliyeuzuia ubaya huo ni mwuguzi mmoja mzee, jirani yetu, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Alipowasikia, hakugombana nao. Aliomba aletewe mipira miwili ya ndani ya baiskeli, mmoja mpya na mwingine wa siku nyingi. Akauvuta ule mpya, ukavutika ukarudi. Akauvuta wa zamani, ukaonyesha nyufa, kisha ukakatika. Akauliza, "Mpira huu, nani kauroga?" Watu wakanyamaza. Ndipo akaanza kuwaeleza habari za mishipa, saa mbili nzima, hata taa ikaletwa. Shangazi hakuondoka, naye ndiye anayemlisha na kumwogesha mdogo wake mpaka leo.

Maelezo yale yalitufanya tutafute zaidi, na haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Mafuta hayakulala

Ukijikata kidole kwa kisu, baada ya saa chache mahali pale huwa pekundu, pana joto, pamevimba, tena panauma. Hali hiyo na tuiite mwako. Ni kazi ya askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, waliokimbilia jeraha ili kuwaua wadudu wa ugonjwa na kusafisha palipoharibika. Jeraha likipona, askari huondoka. Mwako wa namna hiyo ni rafiki yetu, na bila huo kila mchubuko ungetuua.

Lakini uko mwako mwingine, mdogo, usioonekana wala kuuma, nao waweza kudumu miaka na miaka. Chanzo chake kimoja kikubwa ni mafuta ya mwili yaliyozidi.

Zamani waganga waliyadhania mafuta hayo kuwa ghala tu, ambamo mwili huweka akiba ya siku za njaa. Na kweli ni ghala, tena ghala jema. Kuanzia mwaka 1947 mganga Mfaransa wa Marseille, Jean Vague, alifundisha kwamba mahali mafuta yanapokaa pana maana kubwa. Yakikaa mapajani na makalioni hayadhuru sana, lakini yakijazana tumboni, mtu huyo huelekea kupata kisukari na magonjwa ya mishipa. Wakati ule hakuna aliyejua sawasawa kwa nini.

Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil, Bruce Spiegelman na wenzao wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba mafuta ya wanyama wanene hutengeneza kwa wingi kemikali ya mwako iitwayo TNF, ile ile ambayo askari wa mwili huitumia vitani. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa New York waligundua leptini, mjumbe anayetoka katika mafuta kwenda kuuambia ubongo kwamba akiba imetosha. Hapo ikadhihirika kwamba mafuta yana sauti. Hutuma habari katika damu mchana na usiku, kwa ubongo, kwa ini, kwa misuli na kwa mishipa.

Mafuta yakiwa ya kiasi, habari zake ni njema. Mmoja wa wajumbe wake, adiponektini, hutuliza mwako na kuilinda mishipa. Lakini mtu akila kupita matumizi yake kila siku, chembe za mafuta huvimba kama magunia yaliyoshindiliwa. Damu haizifikii vema, hukosa hewa, na nyingine hufa. Askari wa mwili huja kuzika maiti hizo. Mwaka 2003 makundi mawili ya wataalamu wa Marekani yalionyesha kwamba mafuta ya mwili mnene hujaa chembe walaji, yaani wale askari wakubwa wanaomeza uchafu. Na kwa kuwa mtu haachi kujaza ghala, kazi yao haiishi, wala hawaondoki. Hukaa humo wakitoa TNF na mwenziwe aitwaye interleukini-6, na adiponektini, yule mjumbe mwema, hupungua.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini tumbo ni mahali pabaya. Damu itokayo katika mafuta yaliyozunguka utumbo hupita kwanza katika ini. Ini likipokea wajumbe wa mwako, nalo huanza kutengeneza protini ya mwako, ambayo waganga huipima na kuiita CRP. Hivyo moto uliowashwa penye kitovu husambazwa mwili mzima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kimeingia ndani zaidi ya nguo.

Namna mshipa unavyochakaa

Watu wengi hufikiri kwamba mshipa wa damu ni bomba tu, kama bomba la maji. Lakini bomba halina uhai, na mshipa unao. Ndani yake mna utando mwembamba sana, wa safu moja tu ya chembe, unaogusana na damu. Mwaka 1980 mtaalamu Mmarekani Robert Furchgott alieleza jambo aliloliona katika vipande vya mshipa mkubwa wa sungura. Kipande chenye utando wake kilipotiwa dawa fulani kililegea. Kile kilichokwanguliwa utando, kwa dawa ile ile, kilikaza. Basi akafahamu kwamba utando hutoa kitu kinachouamuru mshipa ulegee. Baadaye kitu hicho kilijulikana kuwa ni hewa, oksidi ya nitriki. Kwa kazi hiyo Furchgott, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Hewa hiyo ndiyo inayoufanya mshipa kuwa kama mpira mpya wa baiskeli. Moyo ukipiga, mshipa hupanuka. Moyo ukitulia, mshipa hurudi. Lakini wajumbe wa mwako wakizidi, utando hutoa hewa hiyo kidogo tu, na iliyotoka huharibiwa upesi. Mshipa hukaza na kuwa mgumu, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na shinikizo la damu hupanda. Mtu hasikii neno lo lote. Huamka, huenda kazini, hucheka na rafiki zake.

Hayo hayaishii hapo. Utando ulioguswa na mwako huwa na ulimbo, na chembe nyeupe zilizokuwa zikipita na damu hunasa juu yake. Kisha hupenya ukutani. Huko hukuta mafuta ya damu, yaani kolesteroli, yaliyokwisha kupenya pia, nazo huyala hata zikavimba na kujaa povu. Mrundikano wao hufanya kidonda ndani ya ukuta wa mshipa, chenye kifuniko juu yake. Mwako ukiendelea, kifuniko hulainika. Siku moja hupasuka, damu huganda hapo, na njia huzibwa. Njia iliyozibwa ikiwa ni ya moyo, mtu hupata shambulio la moyo. Ikiwa ni ya ubongo, hupata kiharusi. Tena kiko kiharusi cha namna nyingine, ambapo mshipa uliodhoofishwa na shinikizo hupasuka wenyewe na damu humwagika katika ubongo.

Labda msomaji atauliza, je, mwako wenyewe ndio wenye kosa, au ni kolesteroli tu? Swali hilo liliwashughulisha wataalamu miaka mingi. Mwaka 2017 Paul Ridker wa Boston na wenzake walitoa habari za wagonjwa zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo na ambao CRP yao ilikuwa juu. Baadhi walipewa dawa inayomzuia mjumbe mmoja wa mwako, isiyopunguza kolesteroli hata kidogo. Kwa waliopewa kipimo cha kati cha dawa hiyo, mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya mishipa vilipungua kwa kiasi cha 15 katika kila 100. Lakini dawa ile ni ya gharama kubwa mno, tena iliwadhoofisha askari wa mwili hata wagonjwa wengine wakafa kwa maambukizo. Basi haikuja kuwa dawa ya kila nyumba. Faida yake ni kuwa ushahidi kwamba mwako una kosa lake wenyewe katika kuiharibu mishipa.

Yatupasa pia kusema kwa haki kwamba unene si chanzo cha pekee. Chumvi nyingi, tumbaku, pombe, uzee na asili ya ukoo vyote vina sehemu yao, na watu wembamba nao hupata kiharusi. Kwa hiyo mtu asimcheke mnene, wala mwembamba asijione salama kwa sababu ya wembamba wake.

Kutoka kijijini kwenda mjini

Wengine husema magonjwa haya ni ya Wazungu. Zamani neno hilo lilikaribia ukweli. Mganga Mwingereza Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda kuanzia 1929 hata miaka ya 1950 ya mwisho. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika katika gazeti la waganga wa Afrika ya Mashariki habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja alistahili makala nzima, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa adimu.

Damu yetu haikubadilika tangu hapo, ila maisha yetu yamebadilika. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliwafuata Wajaluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi ya Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Shinikizo la damu la wahamiaji lilipanda katika miezi ya kwanza tu ya kukaa mjini, nao walikuwa wakila chumvi nyingi kuliko waliobaki. Watu ni wa kabila moja na vijiji vile vile. Kilichowatenga ni safari ya mjini.

Nasi tumeifanya safari hiyo hiyo. Kijijini mama alipika bukari na sombe, akatia karanga zilizotwangwa na ndakala wachache. Mafuta ya mawese yalikuwepo, lakini chupa moja ilikaa muda mrefu. Tena kila mtu alitembea, kwenda shambani, mtoni na kisimani. Mjini chupa ya mafuta huisha upesi. Asubuhi ni mikate iliyokaangwa na chai yenye sukari nyingi, mchana ni nyama ya mafuta, jioni ni bia. Tuzingatie hesabu hii. Gramu 1 ya mafuta ina nguvu ya kalori 9, na gramu 1 ya unga au sukari ina 4. Chupa ya soda ya sentilita 33 huwa na sukari ya gramu 35 hivi, yaani vijiko vidogo 7. Hakuna anayemtilia mtoto wake vijiko 7 katika kikombe kimoja cha chai, lakini soda hununuliwa kama ishara ya upendo. Na safari ya nusu saa kwa miguu siku hizi hufanywa kwa pikipiki. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki twakibeba kiunoni.

Kipimo cha uzi na tiba ya sufuria

Kipo kipimo kisichohitaji fedha. Chukua uzi mrefu. Simama wima bila viatu, mtu akupime toka kisigino hata utosini, akaukate uzi hapo. Ukunje uzi katikati, kisha uzungushe ulio kunjwa kiunoni, kati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Ncha zikikutana bila kuvuta, ni vema. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako, nayo ni alama ya kuonya. Mwaka 2022 wakuu wa mashauri ya afya Uingereza waliwashauri watu wazima kipimo hicho cha nusu ya urefu. Wenye utepe wa fundi cherehani waweza kutumia hesabu ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, yaani sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Kipimo hiki si cha mama mjamzito wala cha watoto wadogo.

Aliyeonywa na uzi asikate tamaa. Mwaka 2003 waganga wa Naples, Italia, wakiongozwa na Katherine Esposito, walitoa habari za wanawake wanene 120 waliofuatwa kwa miaka 2. Nusu yao walifundishwa kwa makini kupunguza chakula kidogo kidogo, kula mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, na kutembea zaidi. Nusu nyingine walipewa mashauri ya kawaida tu. Wale wa kwanza walipungua uzito, na katika damu yao CRP na interleukini-6 vikapungua pia. Hawakulazimika kuwa wembamba kama vijana. Ghala lilipopunguzwa, moto ulififia.

Na sisi hatuna haja ya kuagiza chakula cha Italia. Sombe, lengalenga, matembele, maharagwe, karanga kwa kiasi, viazi vitamu, samaki wakavu waliolowekwa ili kutoa chumvi, maembe ya msimu, vyote viko sokoni kwetu, tena ni vya bei nafuu kuliko nyama ya kuchoma na bia. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe toka chupani. Shirika la Afya Duniani lashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kidogo kimoja, na kutembea kwa haraka au kazi ya namna hiyo walau dakika 150 kwa juma. Tumbaku iachwe kabisa. Na kila aliyetimiza miaka 40, mnene au mwembamba, akapimwe shinikizo la damu. Likizidi 140 kwa 90 mara kwa mara, afuate dawa ya mganga wala asiiache kwa sababu anajisikia mzima, maana tumekwisha kuona kwamba mshipa hauchakai kwa kelele. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mshipa haujengeki upya kwa urahisi.

Sahani ya baba

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalotusumbua kuliko yote. Utafiti wa afya uliofanywa nchini kwetu mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, kama 43 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Hao hawakai wote vijijini. Tumeingia katika nyumba za mji wetu ambamo baba hawezi kuyaona magoti yake kwa sababu ya tumbo, na mtoto wa miaka 4 ana urefu wa mtoto wa miaka 2. Wanakula katika sufuria moja.

Desturi yasema nyama ni ya baba kwanza, na mayai ni ya wageni. Watoto hupewa bukari na mchuzi. Desturi hiyo ilikuwa na sababu katika siku ambazo baba alivunja mawe kutwa nzima, na nguvu zake zilikuwa ukuta wa nyumba. Lakini leo, mahali baba anapokaa kutwa kwenye kiti cha duka au cha gari, kipande kile cha tatu cha nyama kinamdhuru anayekipokea na kumdhulumu asiyekipokea. Kwa baba kinageuka mafuta juu ya mafuta, mwako juu ya mwako. Kwa mtoto kingegeuka mfupa, damu na akili ya darasani.

Akina baba, hili halihitaji mganga wala fedha. Jioni hii, chakula kitakapoletwa, mtazame sahani yenu na sahani za wadogo. Kipande kimoja kikihama kutoka huku kwenda kule, siku kwa siku, heshima yenu haitapungua, na wana wenu watakuwa na baba wa kuwasomesha hata mwisho. Na akina mama mnaopakua, msiogope kwamba majirani watasema mume wenu amekonda. Wakiuliza, wapeni uzi wajipime.